WhatsApp Yako Inafanyiwa Bekapu Kila Usiku, Projekti Yako Je? Soma Hii Kabla Laptopu Ikuangushe

Kila usiku mida ya saa nane, wakati uko usingizini unaota umeomoka, simu yako inapiga kazi. Kama uliiseti poa, WhatsApp inakusanya chat zako zote, mameme za grupu, sauti za mamako, na hata zile stori za ex uliapa umefuta. Inafunga kila kitu kama mzigo na kutuma Google Drive. Hujaamshwa, hujabonyeza kitu. Siku simu ikinyakuliwa hapo stage, unatafuta ingine, unaingiza namba, na chat zinarudi kama hakuna kitu imetokea.

Sasa niambie: ile data ya projekti yako inalala wapi?

Hapo ndio wasee wengi hunyamaza. Iko kwa laptopu. Labda kuna ingine kwa flashi, lakini hiyo ni ya miezi tatu imepita. Halafu kuna ile ulijitumia kwa email siku moja kabla ya kukutana na supavaisa, ikaitwa "FINAL", ikafuatwa na "FINAL 2", kisha "FINAL ya ukweli". Kwa ufupi, udaku wako uko na ulinzi mkali kuliko digrii yako.

Leo tunaongea kuhusu bekapu inayojifanya yenyewe. Si bekapu ya kukumbuka. Bekapu ya kukumbuka ni kama deni la msee wa mtaa: kila siku ni kesho.

Data ya utafiti si kama movie

Movie ikipotea unaipakua tena. Ngoma ikipotea iko YouTube. Hata Windows yenyewe ikikufa, fundi anaiweka upya na maisha yanaendelea. Lakini data ya utafiti wako haiko mahali pengine popote duniani. Wewe ndio uliikusanya.

Fikiria msee wa kilimo aliyepima mahindi shambani msimu mzima wa mvua ndefu. Faili ikipotea Juni, hawezi kuambia mvua irudi ndio apime tena. Fikiria dada wa saikolojia aliyehoji akina mama arobaini, kila mmoja akimwagia moyo wake kwa lisaa limoja. Utarudi kwa huyo mama umwambie "pole, hebu lia tena, nilipoteza rekodi"? Na yule wa maabara aliyetumia kemikali za pesa mingi kwa sampuli ambayo sasa imeisha? Hapo hakuna kurudia. Kuna kuanza upya, na pengine kuongeza mwaka mwingine wa karo.

Ndio maana watu wa vyuo hawafai kuuliza "laptopu yangu itaharibika?" Jibu ni ndiyo. Swali ni lini. Diski huzeeka. Chai humwagika. Wakora hawalali. Stima nayo inaweza kupotea katikati ya kusevu, na kama ulikuwa Kenya Agosti 2023 unajua nchi nzima inaweza kuingia giza usiku mmoja. Swali la maana ni moja: ikitokea usiku wa leo, kesho asubuhi utakuwa umepoteza kazi ya saa ngapi?

Hilo swali ndio linaamua bekapu yako iwe ya aina gani. Kama unaweza kuvumilia kurudia kazi ya siku moja, bekapu ya kila usiku inatosha. Kama unachambua data kutwa na saa moja ya kazi inauma, unahitaji ya kila saa. Kama jibu lako ni "nitapoteza miezi mitatu", manze, huna bekapu. Uko na bahati tu, na bahati huisha.

Kuna wasee wakubwa waliumwa na hii kitu

Usidhani ni wewe tu. Unajua ile movie ya Toy Story 2? Ilitoka 1999, lakini nusura isitoke. Mwaka wa 1998, pale Pixar, mtu alipiga amri moja ya kufuta kwenye mashine zao. Wahusika wakaanza kupotea kwa skrini mmoja baada ya mwingine, hadi sehemu kubwa sana ya movie ikawa imeenda.

Wakasema haina noma, tuko na bekapu. Kucheki, kumbe bekapu ilikuwa imekataa kufanya kazi vizuri kwa muda na hakuna mtu alikuwa ameshtuka. Kilichookoa jahazi ni mfanyakazi mmoja, Galyn Susman. Alikuwa amejifungua, na juu alikuwa anafanyia kazi nyumbani, alikuwa na nakala ya movie kwa kompyuta ya kwake. Walienda kuichukua, wakaifunga na blanketi, wakaileta ofisini kwa gari polepole kama mtu amebeba mayai.

Hapo kuna masomo mawili. La kwanza, nakala iliyokuwa mahali pengine ndio iliokoa kazi. La pili, kuwa na bekapu na kuwa na bekapu inayofanya kazi ni vitu viwili tofauti. Shika hilo la pili, tutalirudia.

Sinki si bekapu, usichanganye

Hapa ndio makomredi wengi hukwama. Unasikia mtu akisema, "Mimi niko sawa, folda yangu imeunganishwa na Google Drive." Hiyo inaitwa sinki, na si ile ya kuoshea vyombo. Kazi ya sinki ni kuhakikisha kilicho kwa laptopu ndicho kilicho mtandaoni. Ukiongeza, inaongeza. Ukifuta, inafuta. Ukisevu takataka juu ya jedwali lako zuri la Excel, inachukua takataka na kuipeleka juu kwa bidii sana.

Sinki ni kioo. Ukivunja pua, kioo hakikuonyeshi pua ya jana.

Bekapu nayo ni kama albamu ya picha. Inakumbuka faili ilivyokuwa leo, jana, wiki iliyopita na mwezi uliopita. Ukigundua Ijumaa kwamba Jumatatu ulifuta safu nzima ya majibu, unarudi kwa nakala ya Jumapili na maisha yanasonga.

Ukweli ni kwamba Google Drive si bure kabisa kwa hii mambo. Ukifuta kitu, kinakaa kwa pipa la takataka siku 30 kabla kipotee, na faili za kawaida huwekewa matoleo ya zamani kwa takriban muda huo huo. Hiyo inasaidia kama umeshtuka mapema. Lakini projekti ya miaka miwili inaweza kuwa na kosa ambalo unaligundua baada ya miezi minne, siku unachora grafu na namba zinakataa kuingiana. Siku 30 zitakuwa zilipita kitambo.

Bekapu yenyewe inaweza kukula

Sasa ngoja, usidhani ukishaweka mashine ijifanyie kazi umemaliza. Kuna stori moja ya Japani kila mtu wa utafiti anafaa kuijua.

Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto kilikuwa na supakompyuta ya watafiti wake, na mfumo wa bekapu uliojiendesha wenyewe. Kampuni ya Hewlett Packard Enterprise, ambayo ndiyo ilikuwa imewauzia mfumo, ikaboresha skripti moja. Skripti ni kama karatasi ya maagizo ambayo kompyuta inasoma mstari kwa mstari. Mojawapo ya kazi za hiyo skripti ilikuwa kufuta faili kuukuu za rekodi za mfumo ambazo hazina haja tena.

Shida ikaingia hapa: karatasi mpya iliwekwa juu ya ile ya zamani wakati kompyuta ilikuwa bado katikati ya kusoma. Ikaanza na maagizo ya zamani, ikamalizia na mapya. Pale palipofaa kuandikwa "futa folda hii ya rekodi kuukuu" pakabaki bila jina la folda. Badala ya kufuta takataka, ikaanza kufuta kazi za watafiti.

Kuanzia tarehe 14 hadi 16 Desemba, takriban terabaiti 77 zilienda, karibu faili milioni 34, za vikundi 14 vya utafiti. Vikundi vinne kati ya hivyo viliambiwa faili zao haziwezi kurudishwa kutoka kwa bekapu. Kampuni ilikubali kwamba kosa lilikuwa lake lote. Chuo nacho kikasema kitaacha kutegemea kioo peke yake, na kuanza pia kuhifadhi mabadiliko ya zamani kwa muda.

Umeona? Hata wao walirudi kwa ile stori ya kioo na albamu. Mashine inafanya kazi bila kuchoka, lakini pia inakosea bila kuchoka. Bekapu moja inayojiendesha haitoshi. Unahitaji zaidi ya moja, na zisitegemee programu moja.

Virusi wa utekaji nyara wanapenda bekapu iliyo karibu

Stori ingine. Uholanzi, siku chache kabla ya kufunga mwaka wa 2019, Chuo Kikuu cha Maastricht kiliamka na kupata seva zake zimefungwa. Miezi kama miwili nyuma, mtu alikuwa amebonyeza linki kwa email ya kitapeli. Wakora wakaingia kimya kimya, wakazunguka ndani wakisoma ramani, halafu usiku mmoja wakafunga mafaili kwa kufuli ya kidijitali na kuitisha pesa. Baadhi ya bekapu nazo zilifungwa, juu zilikuwa zimeunganishwa kwa mtandao ule ule.

Chuo kilifikiria wanafunzi, mitihani na kazi za watafiti, kikalipa bitcoin 30, wakati huo kama euro 200,000. Mchezo ukageuka baadaye. Polisi walifuata ile pesa wakakamata sehemu yake huko Ukraine, na mwaka wa 2022, juu bei ya bitcoin ilikuwa imepanda, ile sehemu iliyopatikana ilikuwa na thamani ya karibu euro 500,000. Chuo kikasema pesa zitaenda kusaidia wanafunzi wenye shida.

Sasa wewe usitegemee bahati kama hiyo. Hautarudishiwa na faida. Somo lako ni hili: diski ya nje ikikaa imechomekwa kwa laptopu mchana na usiku, virusi akiingia anapata zote mbili. Na kwa sisi wa flashi za saiba, hii si stori ya mbali. Unaenda kuprinti kurasa kumi, unarudi na flashi ambayo mafolda yote yamegeuka kuwa vitu vya ajabu visivyofunguka. Flashi ya kuprinti iwe ya kuprinti tu. Isiwe nyumba ya data yako.

Fomu ni 3-2-1

Kuna kanuni moja rahisi ambayo mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliipa umaarufu, na leo watu wa kompyuta huiimba kila mahali. Inaitwa 3-2-1.

Tatu: kuwa na nakala tatu za data yako. Ile unafanyia kazi, na zingine mbili.

Mbili: ziwe kwa vitu viwili vya aina tofauti. Mfano, diski ya nje na akaunti ya mtandaoni. Si flashi mbili ulizonunua siku moja duka moja.

Moja: angalau nakala moja iwe mahali pengine kabisa. Si droo ingine kwa keja hiyo hiyo.

Hiyo ya mwisho ndio watu hupuuza. Laptopu na diski zikikaa kwa bagi moja, mkora anabeba bagi moja. Zikikaa kwa chumba kimoja, moto hauchagui. Tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioanzia mlimani huko Cape Town ulifika chuoni na kuteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town. Vitabu na filamu nyingi za Kiafrika zilienda na moto. Vile vitu ambavyo vilikuwa vimeshapigwa nakala za kidijitali viliendelea kuishi, juu havikuwa vinategemea ule ukuta mmoja.

Sasa tuiseti, dakika ishirini tu

Wacha maneno, tuingie kazi.

Kwanza, kusanya. Weka kila kitu cha projekti kwa folda moja: data ghafi, uchambuzi, rekodi za mahojiano, sura za tasnifu. Bekapu haiwezi kulinda faili ambayo iko Downloads ikiwa imezungukwa na mixtape. Data ghafi, yaani vile ilitoka shambani ama kwa mashine, iweke kwa folda yake na usiiguse. Fanyia uchambuzi kwa nakala.

Pili, diski ya nje. Kama uko na Windows, tafuta kitu kinaitwa File History. Chomeka diski, iwashe, na ikiwa diski iko pale itachukua nakala kila saa bila kukuuliza, ikiweka matoleo ya zamani. Kuwa rada na jambo moja: kwa kawaida inalinda folda kama Documents, Desktop na Pictures. Kama umeficha projekti yako kwa diski D, ongeza hiyo folda mwenyewe, la sivyo itaachwa nje. Kama uko na Mac, inaitwa Time Machine, na yenyewe huweka nakala za kila saa kwa siku nzima iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma zaidi. Chomeka diski jioni ukiwa unapika, iache imalize, ichomoe, iweke mbali na laptopu. Kuchomeka na kuchomoa ndio kazi yako pekee.

Tatu, nakala ya mtandaoni. Ukitaka albamu na si kioo, kuna programu ya bure kama Duplicati. Unaiambia folda gani, saa ngapi, na itume wapi, iwe Google Drive ama OneDrive. Inafunga data kwa paswadi kabla haijatoka kwa laptopu yako, na inaweka matoleo ya zamani. Ukishaiseti, inaamka yenyewe.

Najua unafikiria bando. Hebu tupige hesabu. Folda ya gigabaiti 20, kwa intaneti inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, itachukua karibu saa tisa mara ya kwanza. Hiyo ifanye ukiwa na Wi-Fi ya chuo ama ya maktaba. Baada ya hapo programu inatuma mabadiliko tu. Kama umebadilisha megabaiti 100 kwa siku, ni chini ya dakika tatu. Unatumia zaidi ya hiyo ukiangalia video moja ya TikTok baada ya ingine ukingoja mat ijae.

Nafasi nayo? Akaunti ya bure ya Google inakupa gigabaiti 15, ikigawanwa na email na picha zako. Kwa majedwali na maandishi inatosha sana. Kwa video na picha za maabara haitoshi, kwa hivyo uliza nafasi ya akaunti ya chuo. Ukiuliza, uliza pia hiyo akaunti hufungwa lini baada ya kugraduate. Usikuje kushtukia data yako iko nyuma ya mlango ambao hauna ufunguo tena.

Nne, ukiwa fildi. Wasee wengi hukusanya data kwa simu wakitumia KoboToolbox. Fomu uliyojaza na haijatumwa iko kwa simu peke yake. Simu ikianguka mtoni, majibu yameenda na maji. Ndani ya programu ya KoboCollect kuna mpangilio wa kutuma yenyewe mara tu mtandao ukipatikana. Uwashe. Kama uko mahali hakuna mtandao siku nzima, weka mazoea: kila jioni kabla ya kulala, nakala moja kwa laptopu ama kadi ya memori, na itembee kwa mfuko tofauti na simu. Na usidhani seva ya Kobo ni bekapu. Ukifuta projekti pale kwa bahati mbaya, imefutika. Pakua nakala yako kila wiki.

Onyo moja la bei. Ukiona flashi inauzwa bei ya chipo kuku na imeandikwa terabaiti 2, jua hapo kuna mchezo. Kuna feki zinazodanganya kompyuta kuhusu ukubwa wao. Zinakubali faili zako zote bila kulalamika, halafu zikijaa zinaandika juu ya zile za kwanza. Unagundua siku unazihitaji.

Siri za watu ziko mikononi mwako

Kila nakala unayoongeza ni mlango mwingine wa data kutoroka. Kama uliandika majina ya wagonjwa, namba za simu, ama stori za watu waliokuamini, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu. Hali ya afya ya mtu ni data nyeti kisheria. Data za watu zikivuja kwa njia inayoweza kuwaumiza, sheria inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Na kabla ya sheria, kuna utu. Yule mama alikuambia mambo yake wewe, hakuambia yule msee ataokota flashi yako kwa mat.

Kwa hivyo funga nakala zako kwa kufuli. Mac iko na FileVault. Windows za Pro ziko na BitLocker. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi kwa zote. Ondoa majina kwa faili ya uchambuzi, tumia namba, na ile orodha ya kuunganisha namba na majina ikae kando ikiwa imefungwa. Halafu paswadi iandike mahali salama, mbali na laptopu. Ukiisahau, hakuna fundi atakusaidia. Kufuli haijui wewe ni mwenyewe.

Mtihani ambao hakuna mtu hufanya

Sasa turudi kwa lile somo la pili la Pixar. Bekapu yao ilikuwepo. Ilikuwa inaonekana. Lakini hakuna mtu alikuwa amejaribu kuitumia.

Bekapu ambayo hujawahi kurudisha kitu kutoka kwake ni ahadi tu. Na sisi Wakenya tunajua ahadi.

Mara moja kwa mwezi, fanya hivi. Chagua faili moja ya maana. Usiifute, igeuze jina. Nenda kwa bekapu, itoe nakala ya wiki iliyopita, iweke kwa folda ingine, ifungue. Inafunguka? Namba ni zenyewe? Rekodi inalia? Fanya kwa diski, fanya kwa ile ya mtandaoni. Angalia pia tarehe ya mwisho bekapu ilifanyika. Programu nyingi zikikwama hutoa ujumbe mdogo kwa kona ambao kila mtu huufunga bila kusoma. Usiufunge. Usome.

Ukimaliza, mwambie mtu mmoja unayemwamini nakala ziko wapi. Ukiwa mgonjwa wiki mbili na supavaisa anahitaji jedwali, kazi isisimame.

Na chuo je?

Hii si kazi ya komredi pekee. Utafiti mwingine ni wa idara nzima, na umelipiwa na pesa za umma ama za wafadhili. Kompyuta iliyounganishwa kwa mashine ya maabara, ile ya zamani inayoogopwa kuzimwa, mara nyingi ndio ina data ya wanafunzi wa miaka kumi. Ikikufa, inakufa na wote.

Kwa hivyo uliza bila uoga. Uliza idara: data ya hii maabara inanakiliwa kila usiku ama inangoja mtu akumbuke? Uliza watu wa ICT: bekapu ya seva iko jengo gani, na mara ya mwisho mlijaribu kurudisha kitu ni lini? Wakati unaandika proposal, weka mstari wa diski na nafasi ya mtandaoni kwa bajeti, kando na ule wa nauli na chakula cha fildi. Ni rahisi kuitetea hapo mwanzo kuliko kuomba pesa za fundi wa kufufua diski mwishoni, na fundi mwenyewe hawezi kukuahidi kitu.

Supavaisa wengi huuliza "umefika sura ya ngapi?" Ile siku mmoja ataanza na "nionyeshe bekapu yako", wanafunzi wengi watakuwa wameokolewa.

Form ya leo usiku ni hii: folda moja, diski moja, akaunti moja ya mtandaoni, na saa ambayo mashine itaamka bila wewe. Halafu kesho asubuhi, kabla ya chai, rudisha faili moja uone kama inafunguka. Ikifunguka, tumia hii stori kwa grupu ya klasi. Kuna mtu hapo ndani yuko na tasnifu nzima kwa flashi moja, na imening'inia kwa funguo za keja.